Pale Picha Inapoganda

"Umeikata," Mama Chiriku alisema tena, na safari hii alimsogelea shemeji yake hadi kidole kikagusa shati lake. "Umejifungia kwenye kile kibanda chako ukaikata, kama unavyowakata wajomba walevi kwenye video za harusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi ndiye niliyekulisha katika nyumba hii."

"Shemeji, sijakata kitu."

"Basi mbona inaganda palepale? Mwanangu kasimama karibu na geti, anageuka, basi, kimya. Nani alimfungulia? Kamera ulikuwa nayo wewe. Watoto ulikuwa nao wewe."

Mpiga Video, yule shemeji, akamgeukia kaka yake. "Kaka, sema neno."

Baba Chiriku alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, rimoti kiganjani, macho kwenye televisheni ambamo bintiye alikuwa ameganda: kichwa kimegeuka nusu, utepe mwekundu nyweleni, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa maneno.

Inspekta aliwaacha wagombane. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko kazi yake, na katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba watu wakigombana hutoa bure mambo ambayo ukiwahoji utayatafuta kwa tochi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Mtoto wa pekee wa nyumba hii, aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, alitoka getini siku ya sherehe yake ya kuzaliwa na kukutwa amezama katika shimo la msingi wa jengo la ng'ambo ya njia, shimo lililojaa maji ya mvua. Komeo la geti lilikuwa juu, mtoto asingelifikia hata kwa kurukaruka. Kwa hiyo kuna mtu alifungua na hakufunga. Mama Chiriku alisema mtu huyo ni shemeji yake, aliyeachiwa watoto huku akiwarekodi kwa kamera yake ya mkanda. Shemeji alikana, na tangu hapo alikuwa akiripoti kituoni kila asubuhi.

Mwendesha mashtaka alitaka kuiona video. Ofisi yake haikuwa na mashine ya kuchezea mikanda, ndipo ikaamriwa mkanda uchomwe kwenye DVD. Na aliyejua kuchoma DVD mtaa ule alikuwa Mpiga Video mwenyewe. Inspekta alilipinga hilo kwa maneno makali, akajibiwa kwamba bajeti haina mtu mwingine. Sasa diski ilikuwa imeganda mahali pale hasa palipotakiwa kusema ukweli. Ikithibitika kwamba kipande kimekatwa, Mpiga Video angelala mahabusu leo leo.

"Mama Chiriku, keti," Inspekta alisema.

"Siketi."

"Basi simama, lakini nipe nafasi nifanye kazi."

Aliitoa diski kwenye deki, akaiinua kuelekea dirishani. Ilikuwa na alama za vidole, mkwaruzo haukuwapo. Akatoa kitambaa laini mkobani, akaifuta kwa kuvuta kutoka katikati kwenda ukingoni, akairudisha. Deki ilikuwa ya pande mbili, upande mmoja wa diski na mwingine wa mkanda, na ilinguruma kidogo kabla ya kukubali.

Watoto wakatokea wakiwa duara uani, wakipiga makofi na kuimba. *Jumatatu nafua. Jumanne naanika. Jumatano napiga pasi.* Nyuma yao Chiriku akajitenga, akaenda upande wa geti, akageuka kuitazama kamera.

Ikaganda.

"Unayo nakala nyingine?" Inspekta alimuuliza Mpiga Video.

"Ninayo. Ya kampuni nyingine kabisa. Nilipoona hii inasumbua nikapunguza kasi ya kuchoma, nikachoma upya."

Nakala ya pili ikaingizwa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Chiriku akageuka. Ikaganda.

"Unaona?" Mama Chiriku alisema.

"Ninachoona ni kwamba ugonjwa hauko kwenye diski. Diski mbili za kampuni mbili hazipatani kuumwa mahali pamoja. Ila nani kauleta ugonjwa, hilo sijaliona." Inspekta akanyoosha mkono, na Baba Chiriku akampa rimoti kwa shida, kama mtu anayetoa jino. Inspekta aliikagua kabla ya kuzima. Ilikuwa rimoti ya kawaida, alama zake nyeupe zote zikisomeka, isipokuwa kitufe kimoja kilichofutika na kulainika kama kokoto ya mtoni.

Akaiweka mezani.

"Siku ile nani aligusa geti? Nauliza wote."

"Mimi nilikuwa jikoni tangu kulipopambazuka," Mama Chiriku alijibu upesi. "Sikulisogelea geti. Muulize huyo."

"Mimi sikutoka uani," alisema Mpiga Video.

Baba Chiriku alikuwa akitazama sakafu. "Mimi nilikuwa nimelala. Mimi ni mlinzi wa usiku, nilikuwa nimetoka lindoni."

"Mkanda wenyewe uko wapi?"

"Studio kwangu," alisema Mpiga Video.

"Twende."

"Afande, mfunge pingu," Mama Chiriku alisema nyuma yao. "Huyo ana miguu myepesi."

"Na mimi nina viatu vya raba, mama. Usijali."

*

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti cha kukalia wateja, na picha za maharusi ukutani wote wakitazama upande mmoja kana kwamba kuna mtu amewaita. Bibi harusi mmoja alikuwa mlangoni na mama yake, akilalamika kwamba video imemnenepesha.

"Dada, kamera haina chakula," Mpiga Video alimwambia kwa uchovu. "Njoo kesho, nitakuongezea mwanga." Walipotoka nje alifunga mlango, na uso wa biashara ukamdondoka. "Afande, ukinifunga, kazi za watu ziko kwenye kabati. Majina nimeandika juu."

"Bado sijakufunga. Washa kompyuta."

Aliwasha. Inspekta alivuta kiti, akaanza kupitia faili moja baada ya nyingine. Lile la sherehe lilikuwapo, refu. Pembeni yake, mahali pa kuhifadhia vipande vya kazi, palikuwa na lingine fupi sana la siku ileile. Mpiga Video aliona mshale wa kompyuta ulipoelekea, akashusha pumzi.

"Hiki nini?"

"Hicho ni changu."

"Umeniambia hukukata kitu. Fungua."

Kilipofunguka, Chiriku alijaa kwenye kioo, karibu mno na kamera, puani makombo ya keki. *Baba mdogo, nirekodi mimi. Usiwarekodi hao, hao hawajui kuimba. Baba mdogo, unanirekodi? Naona kitaa chekundu. Baba mdogo.* Kikaisha.

Inspekta akafungua lile faili refu, akatafuta mahali pale, akapakuta pazima, makombo na yote.

"Umenakili. Hukukata."

"Nilitaka tu nibaki na sauti ile," alisema Mpiga Video. "Hakuna mwingine anayeniita hivyo."

"Sasa niletee pale panapoganda."

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa tofauti kidogo. Chiriku aligeuka, na picha haikuganda. Ilipasuka vipandevipande vya mraba kama sakafu iliyong'olewa vigae, ikarukaruka, ikatulia. Ilipotulia watoto walikuwa bado duarani, geti lilikuwa wazi kwa upana wa mtoto, na Chiriku hakuwapo.

Inspekta alirudisha nyuma. Safari hii akakipa kioo mgongo.

"Unafanya nini, afande?"

"Nasikiliza. Siku za wiki unazijua?"

"Nazijua."

"Basi zifuate."

*Jumatano napiga pasi. Alhamisi nakunja. Ijumaa navaa. Jumamosi natembea. Jumapili narudi nyumbani.* Makofi yalikwenda sawasawa, hayakujikwaa hata mara moja.

"Hakuna siku iliyopotea," alisema Inspekta, akigeuka. "Mkasi hauchagui. Ungekata picha, ungekata na wimbo. Watoto wangetoka Jumatano wakaangukia Jumamosi. Sauti ni nzima, picha ndiyo imeraruka. Ulipoona inaganda, ulifanya nini?"

"Nilibadilisha diski. Nikapunguza kasi. Nikadhani ni deki yao, imezeeka."

"Mkanda hukuutazama?"

"Niliuweka ujinakili, nikaenda kupiga picha za pasipoti. Afande, zaidi ya kile kipande, mimi sijawahi kuutazama huu mkanda. Nimeshindwa."

Inspekta alimwamini. Hata hivyo hakumwambia, kwa sababu kumwamini mtu si ushahidi. "Weka mkanda kwenye mashine. Ukifika pale, simamisha, uutoe."

Alipoupata mkononi, Inspekta alibonyeza kidude cha pembeni, akainua kifuniko kwa ncha ya kalamu na kuusogeza mkanda karibu na taa. Mahali pengine ulikuwa mweusi unaong'aa kama kiatu cha askari mpya. Hapa ulikuwa umepauka na kuchubuka katikati, umeota michirizi kama goti la mtoto. Ukingo wake tu ndio uliokuwa mzima.

Mpiga Video alichungulia begani kwake. "Huu umesuguliwa."

"Na nini?"

"Na deki. Ukisimamisha picha, mkanda unasimama lakini kile kichwa cha ndani hakisimami, kinaendelea kuzunguka na kusugua palepale. Ukisimamisha mara moja si kitu. Huu umesimamishwa mpaka..." Akaionyesha ile michirizi kwa kidole. "Sauti imeandikwa ukingoni, ndiyo maana imepona. Na mashine ya kuchomea ikifika hapa haielewi inaona nini. Inaandika takataka, na deki ya DVD ikisoma takataka inaganda."

"Nani aliusimamisha?"

"Sijui. Kaka aliniomba mkanda baada ya mazishi. Amenirudishia wiki hii, nilipoambiwa niuchome."

Inspekta aliiona tena akilini ile rimoti, ikitoka kiganjani kwa shida. Hakuwa na haja ya kuishika ili kujua kile kitufe laini ni kipi.

"Rudisha ndani. Cheza, usisimamishe. Rekebisha mistari kadiri utakavyoweza."

Mpiga Video alizungusha kidude cha mashine huku na huku. Nusu ya chini ya picha ilijaa chengachenga nyeupe na haikusafika, ila ile ya juu ilikubali. Wakaona sehemu ya juu ya geti, na komeo. Wakaona geti likifunguka kwa ndani na mwanamke akiingia akiwa amekumbatia kreti ya soda, shingo imegeuka nyuma, akicheka na mtu wa nje. Mikono yake ilikuwa imejaa. Akalisukuma geti kwa bega, asitazame, akapita kwenda jikoni. Geti likaenda, likagonga, likarudi kidogo. Komeo lilibaki limeinuka.

Kisha ukingoni mwa zile chengachenga ukatokea utepe mwekundu.

"Zima," alisema Mpiga Video, na akazima mwenyewe.

Nje bibi harusi na mama yake walikuwa bado wanabishana mlangoni kuhusu mwanga.

"Hakumbuki," alisema Mpiga Video. "Wallahi hadanganyi, afande. Siku ile aliingia na kutoka kama siafu. Hakumbuki kabisa."

"Najua."

"Andika ni mimi."

"Nini?"

"Andika nilifungua nikasahau. Shemeji anaamini hivyo tayari, ameshazoea kunichukia, kunampa nguvu ya kuamka. Akiujua ukweli huu hana pa kushika."

"Utafungwa."

"Nitatoka. Yeye akiingia kwenye hili hatoki."

Inspekta aliuchukua mkanda, akautia mkobani. "Mimi siandiki mambo kwa kuombwa," alisema. "Chukua shati la mikono mirefu, ikibidi ulale mahabusu kuna mbu. Tunarudi."

*

Mama Chiriku alikuwa jikoni, sufuria zikigongana kuliko ilivyohitajika. Baba Chiriku alikuwa palepale ukingoni mwa kochi. Mpiga Video alibaki mlangoni kama mgeni.

Inspekta alikaa, akaichukua rimoti mezani na kumwonyesha.

"Kitufe cha kusimamisha. Vingine vyote vina alama."

Baba Chiriku aliitazama kama kitu alichokuwa akingoja kuulizwa. "Mchana nipo peke yangu," alisema polepole. "Mama Chiriku yuko kazini. Naambiwa nilale, kwa sababu usiku nalinda. Silali. Namtazama. Anakwenda upande ule, anageuka, ananitazama. Nikisimamisha pale, afande, bado hajatoka."

Sufuria zikanyamaza kidogo, zikaendelea.

"Nikipeleka mbele, anatoka. Nikisimamisha, yupo. Basi nakaa naye mpaka deki inachoka, inajizima. Nawasha tena."

"Na mama yake ulimwona siku gani?"

"Siku za kwanza sikumwona. Nilikuwa namtazama mtoto tu. Siku moja nikaupeleka mbele kidogo, nikatazama nyuma yake." Akafuta uso kwa kiganja kizima. "Ilikuwa soda. Nilimtuma mimi. Nilimwambia watoto wana kiu, mimi narudi kulala."

"Ukanyamaza, mdogo wako akiripoti kituoni kila asubuhi."

"Nilijua hakufanya. Nikasema hakuna ushahidi, watamwacha tu. Sikujua kwamba kwa kidole changu mwenyewe nilikuwa namtengenezea ushahidi." Alimtazama mdogo wake mlangoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Mdogo wangu."

"Hakuna neno, kaka. Nimeshamwambia afande aandike mimi."

"Mmekubaliana vizuri," alisema Inspekta. "Wanaume wawili wazima, mnamlinda mwanamke kwa kumwacha amchukie asiye na kosa mpaka kufa kwake. Nisikilizeni. Sheria haimfungi mama kwa geti alilolisukuma kwa bega huku mikono imejaa. Hilo nitaliandika mimi, na wakibisha nitakwenda kulisema mwenyewe. Lakini huyu mdogo wako hatoki kwenye faili mpaka niandike ametokaje. Nikiandika, litasomwa. Mkeo atasomewa mahakamani na mtu mwenye tai, mbele ya watu wanaotafuna karanga. Au ataona hapa, kwenye kochi lake, na wewe pembeni. Hakuna njia ya tatu. Ningekuwa nayo ningekupa."

"Atakufa, afande."

"Hatakufa. Atatamani, lakini hatakufa. Wewe hukufa."

Baba Chiriku alinyoosha mkono, na Inspekta akampa rimoti, akidhani anataka kuishika tu. Aliigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akatoa betri, akampa Inspekta zote. Yeye akazitia mkobani bila kuuliza, akatoa mkanda na kumkabidhi.

"Mama Chiriku," mumewe aliita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba maji. "Njoo kidogo."

Alitokea akijifuta mikono. Alimwona shemeji yake mlangoni na uso ukakaza. "Huyo amerudi kufanya nini? Afande, hukuwa na pingu?"

"Mwache aingie," alisema mumewe. "Ingia, mdogo wangu. Keti. Na wewe mke wangu, keti hapa, karibu yangu."

Kitu katika sauti ile kilimfikia. Alimtazama mumewe, akamtazama Inspekta, akatazama kile alichokishika mumewe. "Mmemwona," alisema. "Mmemwona aliyefungua."

"Keti, mama," alisema Inspekta.

Safari hii aliketi.

Baba Chiriku alipiga magoti mbele ya deki, akaingiza mkanda, akabonyeza kwa kidole kwenye mashine yenyewe. Kisha akarudi kwenye kochi, mbali na vitufe vyote, akamshika mkewe mkono kwa mikono yake miwili.

Watoto wakapiga makofi. *Jumatatu nafua. Jumanne naanika. Jumatano napiga pasi.* Chiriku akajitenga, akaenda upande wa geti, akageuka. Picha ikachafuka chini, ikabaki juu. Geti likafunguka. Mwanamke akaingia na kreti ya soda, akicheka.

Mkono uliokuwa kati ya mikono ya Baba Chiriku ukavutika. Hakuuachia.

"Simamisha," alisema Mama Chiriku. "Baba Chiriku, simamisha. Simamisha kwanza."

Hakuna aliyeinuka. Watoto wakaimba Jumamosi, utepe mwekundu ukapita chini ya komeo, na Chiriku akatoka.